Kihariri kizito: mtafute anayekula kabla hujanunua RAM

Kijana ameshuka boti ya Pemba, mkoba mgongoni, akaja moja kwa moja ofisini kwetu Michenzani. Hata maji hakuomba. "Ami, RAM ya laptopu hii Darajani nitaipata kwa bei gani?" Nikamuuliza inamsumbua nini. Akafungua VS Code, kihariri chake cha kuandikia programu, akaandika mstari mmoja wa JavaScript, kisha akaondoa mikono na kunitazama. Herufi zilianza kutokea baada ya hapo: moja, mbili, kimya, halafu tano kwa mpigo.

"Umeona? Nshachoka."

Laptopu yenyewe ilikuwa mtumba wa kawaida, RAM GB 8, diski ya SSD. Si ya kujisifia nayo, lakini kwa tovuti anazotengeneza ilitosha. Nilimwambia akae, anywe chai, na asinunue kitu mpaka tujue nani anakula. Tuliyoyafanya siku ile ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoyaokota kwa miaka ya kutengeneza tovuti za hoteli na kuletewa mashine za watu.

Neno moja kabla ya kuanza: maandishi ya programu, yaani code, nitayaita msimbo. Nikisema kodi hapa ofisini, kila mtu anageuka mlangoni kutazama kama ZRA, watu wa mapato, wameingia.

Nyumba moja, wapangaji wengi

VS Code ilitoka 2015 na imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna kivinjari cha Chromium pamoja na Node.js. Unachokiona kama programu moja ni michakato kadhaa inayoishi chini ya paa moja: dirisha unaloandikia, mchakato unaobeba viendelezi (extensions, nyongeza unazosakinisha mwenyewe), mlinzi wa mafaili anayeangalia nini kimebadilika kwenye diski, terminali (pa kuandikia amri), na seva za lugha. Hizi seva za lugha ndizo zinazokupigia mstari mwekundu na kukupa mapendekezo unapoandika. Itifaki yake ilitangazwa 2016, na tangu hapo karibu kila lugha imepata seva yake, kila moja na tumbo lake.

Dalili hutaja mwenyewe ukizisikiliza. Herufi zikichelewa kutokea, mtazame dirisha lenyewe, au kompyuta nzima imeishiwa pumzi. Herufi zikiwa sawa lakini mapendekezo yanakuja kwa kusuasua, hiyo ni seva ya lugha. Ukibonyeza Ctrl+S na faili likajifikiria kwanza, kuna kiendelezi kinachopanga au kukagua msimbo wakati wa kuhifadhi. Feni ikivuma nawe umekunja mikono tu, mlinzi wa mafaili au Git (programu inayotunza historia ya msimbo) wanahangaika na kitu kikubwa. Na kama kinachochelewa ni mapendekezo ya akili bandia peke yake, usikiguse kihariri: hayo yanatoka kwenye seva za mbali, na mwendo wake ni mwendo wa bando lako.

Hatua ya kwanza: pima, uandike

Fungua mradi unaokusumbua, uache dakika mbili utulie. Nenda menyu ya `Help`, chagua `Open Process Explorer`. Litatokea dirisha dogo lenye orodha ya michakato, kila mmoja na asilimia ya prosesa na kumbukumbu (RAM) inayotumia. Usiguse kitu kwa nusu dakika. Mchakato unaoendelea kula prosesa wakati wewe hufanyi lolote, huyo ndiye wa kwanza kuhojiwa. Jina lenye `extension-host` ni viendelezi, lenye `tsserver` ni seva ya lugha ya JavaScript na TypeScript, lenye `fileWatcher` ni yule mlinzi.

Halafu fungua terminali, andika:

```
code --status
```

Utapata taarifa ile ile kwa maandishi, na chini yake hesabu ya mafaili yaliyomo kwenye folda uliyofungua. Kwa kijana wetu ilisema zaidi ya 20,000, maana hapo ndipo inapochoka kuhesabu.

Mwisho fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, ukurasa wa `Performance`. Andika namba tatu kwenye karatasi: kumbukumbu imejaa kiasi gani, diski inafanya kazi asilimia ngapi, na prosesa inakwenda kwa GHz ngapi. Hiyo ya tatu watu wengi huiruka. Mimi mwenyewe niliiruka siku ile, na nitalipa baadaye katika hadithi hii.

Karatasi si mbwembwe. Bila namba za kabla, ukishabadilisha mambo matano utajikuta unasema "naona kama imekuwa nyepesi", na hujui lipi lililokusaidia.

Folda uliyofungua

Kijana alikuwa amefungua folda inayoitwa Miradi. Yote. Ndani yake tovuti kumi na moja: ya nyumba ya wageni Nungwi, ya duka la viungo, ya skuli, mazoezi ya kozi alizoanza akaziacha njiani, na kila moja na `node_modules` yake, folda ya vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Kwake ule ulikuwa usafi, kila kitu pahala pamoja. Kwa kihariri ni kumkabidhi mlinzi mmoja mtaa mzima na kumwambia kila mlango ukifunguliwa nataka habari.

Dawa yake haina ufundi: `File`, `Open Folder`, chagua mradi mmoja tu unaoufanyia kazi. Ukihitaji miwili kwa pamoja, fungua wa kwanza kisha ongeza wa pili kwa `Add Folder to Workspace`. Tulipofunga Miradi na kufungua ile ya duka la viungo peke yake, herufi zilianza kufuata vidole. Akacheka, akataka kuinuka. Nikamwambia bado.

Hapa Unguja kuna ugonjwa mmoja wa folda ambao sidhani kama vitabu vinautaja: picha. Mteja wa hoteli anakupa picha za bwawa na machweo moja kwa moja kutoka kwa mpigapicha, kila moja megabaiti ishirini, nawe unazimwaga zote ndani ya `public` ili "uzichague baadaye". Ziweke nje ya mradi. Ndani ingiza zile tu zilizokwisha punguzwa.

Viendelezi

Kwenye paleti ya amri (Ctrl+Shift+P) andika `Developer: Show Running Extensions`. Utaona kila kiendelezi kilichoamka na milisekunde ilizochukua kuamka. Usikimbilie kufuta cha juu kabisa. Kuamka polepole mara moja asubuhi si kosa kubwa. Kosa ni kula prosesa siku nzima, na hiyo uliiona kwenye Process Explorer.

Njia ya haraka ya kujua kama viendelezi vina hatia ni kufungua bila hivyo:

```
code --disable-extensions
```

Tatizo likibaki, viendelezi havina kesi, ruka sehemu hii. Likiisha, rudi kwenye paleti uandike `Help: Start Extension Bisect`. Hii naipenda kuliko zote. Kihariri kinazima nusu ya viendelezi, kinakuuliza kama tatizo bado lipo, kisha kinagawa nusu iliyobaki, na tena, mpaka kinamkamata mmoja. Kwa viendelezi 32 ni maswali matano hivi. Kijana alikuwa navyo 47, na raundi ya sita tukawa na jina mkononi: kiendelezi cha kupamba mabano kwa rangi, alichokisakinisha kwa kufuata video ya zamani.

Na hapo kuna habari ambayo wengi imewapita. Mwaka 2021 kupaka mabano rangi kuliingizwa ndani ya VS Code yenyewe, na watengenezaji wake walieleza kwamba njia mpya ina kasi zaidi ya mara 10,000 kuliko kiendelezi maarufu kilichokuwa kikifanya kazi hiyo. Aliyekitunza kiendelezi naye akawaambia watumiaji wahame. Lakini kiendelezi ulichokisakinisha hakijifuti. Mistari ya kuonyesha ujongezi (nafasi mwanzoni mwa mstari), na kubadilisha tagi ya HTML ya kufungia pale unapobadilisha ya kufungulia, nayo yamo ndani siku hizi. Hili la tagi unaliwasha kwa `editor.linkedEditing`. Pitia orodha yako kwa swali moja: je, hiki bado kina kazi ambayo mwenye nyumba haifanyi mwenyewe?

Vilivyobaki vigawe kwa wasifu. VS Code ina `Profiles` tangu mwanzoni mwa 2023: wasifu mmoja wa PHP na WordPress, mwingine wa React, mwingine wa Python. Kila mmoja unabeba viendelezi vyake tu. Kwa mwenye RAM ndogo hii ndiyo akiba kubwa kuliko zote, nashangaa haisemwi zaidi.

Mipangilio

Fungua `Preferences: Open User Settings (JSON)` na uongeze haya, ukiondoa yasiyokuhusu:

```
{
  "files.watcherExclude": {
    "**/node_modules/**": true,
    "**/dist/**": true,
    "**/.next/**": true,
    "**/wp-content/uploads/**": true
  },
  "search.exclude": {
    "**/dist": true,
    "**/.next": true,
    "**/wp-content/uploads": true
  },
  "git.autoRepositoryDetection": "openEditors",
  "eslint.run": "onSave",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "update.mode": "manual"
}
```

Kundi la kwanza linamwambia mlinzi asipoteze muda kwenye folda hizo. Mafaili hayafichwi, utayaona kama kawaida. La pili linafanya utafutaji usizame humo. Mstari wa Git unazuia kihariri kwenda kuchimbua hazina zote za Git zilizo chini ya folda. Kinashughulika na zile tu ulizofungua faili lake. `eslint.run` inahamisha ukaguzi wa makosa wa kiendelezi cha ESLint kutoka kila herufi hadi unapohifadhi, na kwenye mashine dhaifu utaihisi siku hiyo hiyo.

Mistari miwili ya mwisho ni kwa ajili ya bando zaidi kuliko kasi. Ukiizima masasisho ya kujiendesha, jiwekee siku ya kusasisha kwa mkono ukiwa kwenye WiFi. Usiache miezi: masasisho mengine yanaziba matundu ya usalama.

Ukishahifadhi, `Developer: Reload Window`, kisha pima tena.

Wanaotumia Linux wana mtego wao. Mfumo una kikomo cha mafaili yanayoweza kulindwa kwa wakati mmoja, na kikifika VS Code inakupa onyo ambalo watu hulifunga bila kulisoma. Weka `fs.inotify.max_user_watches=524288` ndani ya `/etc/sysctl.conf`, kisha `sudo sysctl -p`. Na kwa wenye WSL, yaani Linux ndani ya Windows: mradi ukae ndani ya Linux, `~/miradi` kwa mfano, usikae `/mnt/c`. Kusoma diski ya Windows kutoka Linux ni kuvuka bahari kwa kila faili, na `node_modules` ina mafaili maelfu kwa maelfu.

Seva ya lugha

Kama mhalifu ni `tsserver`, anza na la rahisi, `TypeScript: Restart TS Server` kwenye paleti. Ikitulia kwa saa moja kisha ikaanza tena, angalia `tsconfig.json` au `jsconfig.json`. Mradi wa JavaScript usio na faili hilo humfanya `tsserver` akisie mwenyewe mipaka ya mradi. Mwekee `include` inayotaja folda ya `src` tu.

Utakutana na ushauri wa kuongeza `typescript.tsserver.maxTsServerMemory`. Kiwango chake cha kawaida ni MB 3072. Ukiwa na GB 16 na mradi mkubwa kweli, ongeza. Ukiwa na GB 8, ambazo Windows na kivinjari wameshachukua nusu, kuongeza ni kuusukuma mzigo uende kwenye diski, na utazidi kuganda.

Kwa PHP, ukitumia kiendelezi cha Intelephense, zima `PHP Language Features` iliyokuja na VS Code, la sivyo seva mbili zinafanya kazi moja na unapata kila pendekezo mara mbili. Faili moja kubwa mno, kama nakala ya hifadhidata ya mteja, usilifungue humu kabisa. Likipita MB 20 au mistari 300,000 VS Code yenyewe huzima baadhi ya huduma ili isianguke.

Windows na kinga yake

Defender, kinga ya virusi ya Windows, hukagua kila faili linalofunguliwa. Kwa `npm install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, hayo ni maelfu ya ukaguzi. Unaweza kuiambia iiache folda ya miradi kupitia `Exclusions`, na utaona tofauti, lakini mimi sikushauri ufanye hivyo kwa wepesi. Tarehe 8 Septemba 2025 vifurushi mashuhuri vya npm, `chalk` na `debug` vikiwemo, viliingizwa msimbo wa wizi baada ya mtunzaji wake kunaswa kwa barua pepe ya ulaghai. Hatari ilikuja kupitia `node_modules`, folda ile ile ambayo watu wanamwomba mlinzi aifumbie macho. Kwenye Windows 11 kuna `Dev Drive`, sehemu ya diski ya angalau GB 50 ambako Defender hukagua kwa namna isiyokusimamisha. Hiyo ni njia ya katikati, kama diski yako ina nafasi.

Windows 10 iliachwa kuungwa mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Haikufanyi uwe mzito, lakini ukiwa unapanga kuhama, hama kabla hujatumia wikiendi nzima kuisafisha.

Kihariri kingine, je?

Swali hili huja kila mara. Zed imeandikwa kwa Rust na watu waliowahi kuijenga Atom, ile iliyofungwa rasmi Disemba 2022, na msimbo wake uliwekwa wazi Januari 2024. Ni nyepesi kweli, ila inaitegemea kadi ya picha, na kwenye Linux inadai Vulkan, njia ya programu kuitumia kadi hiyo. Mtumba wa zamani unaweza kukukatalia. Sublime Text ipo tangu 2008 na kwenye mashine ya GB 4 bado sijaona ya kuishinda kwa HTML na CSS. Lakini kumbuka: ukihamia kihariri kipya na ukasakinisha `tsserver` yule yule juu ya folda ile ile yenye miradi kumi na moja, umehama chumba na mzigo umekwenda nao.

Habari yenye uzito zaidi ipo kwa `tsserver` mwenyewe. Machi 2025 timu ya TypeScript ilitangaza kwamba inaiandika upya kwa lugha ya Go. Kwa mfano walioutoa, kukagua msimbo wa VS Code yenyewe kulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5, na kuufungua mradi huo kwenye kihariri kutoka sekunde 9.6 hadi 1.2. Toleo la kujaribu linapatikana kama `@typescript/native-preview` tangu Mei mwaka huo. Lijaribu kwenye nakala ya mradi, pembeni.

Mashine yenyewe

Wiki mbili baadaye kijana alinipigia simu kutoka Wete. Imerudi. Folda ni moja, viendelezi tisa, mipangilio ile ile, na herufi zinakuja kama zamani.

Nikamwambia afungue Task Manager anisomee. Kumbukumbu asilimia 61. Diski asilimia 2. Kasi ya prosesa?

"Nukta saba tisa, Ami."

GHz 0.79, kwenye prosesa ambayo kiwango chake cha kawaida ni 2.4. Mashine ilikuwa inatembea kwa goti moja. Hapo sababu huwa chache, na zote zina harufu ya kwetu. Ya kwanza ni hali ya kubana betri. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya umeme ilipofeli na kisiwa kikakaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanajua tabia ya kubana inavyomkaa mtu, na kuna wanaoiacha imewashwa mwaka mzima. Iangalie kwenye `Power mode`. Ya pili ni joto: vumbi likichanganyika na hewa ya chumvi huganda kwenye feni kama uji, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi isiungue. Fungua, piga brashi, badilisha pasta ya prosesa kama haijaguswa miaka mitatu. Na kiangazi usiiweke laptopu juu ya godoro. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: chaja. Laptopu nyingi, zikiona chaja zisiyoitambua au yenye wati pungufu, hushusha prosesa makusudi.

"Chaja unayotumia ni yake?"

Kimya kidogo. Yake iliungua, akanunua nyingine ya bei nafuu, pini ikaingia vizuri. Nikamwambia asome maandishi madogo mgongoni: wati 45. Laptopu yake inataka 65. Akaichomoa hapo hapo tukiwa kwenye simu, akasubiri, akanisomea tena. GHz 2.3, kwa betri peke yake.

Ijumaa iliyofuata alivuka tena, na safari hii Darajani tulikwenda pamoja. Alinunua chaja.